Mubebaji Asiye na Miguu

Mpaka leo nikipita mbele ya parokia yetu kule Himbi, mjini Goma, ninaharakisha hatua na kuweka simu sikioni kama mtu aliyepigiwa na mkubwa fulani, na mara nyingi simu yenyewe imezimika. Ni aibu. Siyo ile aibu ndogo ya kujikwaa barabarani au kuvaa blauzi nje ndani, hapana, yangu ni aibu ya ukumbi mzima, aibu iliyotangazwa kanisani kwa kipaza sauti watu wakiwa wametoka tu kukomunika, na ubaya wake ni kwamba tangazo lile niliandika mimi, kwa mkono wangu, nikalisahihisha na kulisahihisha mpaka nikaliharibu.

Jina langu ni Masika. Mtu wa Butembo, walikotoka wazee wangu, akisikia jina hilo anajua kwamba mimi ndiye msichana wa kwanza nyumbani, na sisi wasichana wa kwanza tuna ugonjwa wetu: kila kitu lazima kinyooke. Nikikunja shuka na kona zisikutane, ninaikunjua na kuanza upya. Nikituma ujumbe na nukta moja ikakosekana, ninautuma tena pamoja na nukta yake (rafiki zangu wamezoea, wanajibu nukta tu). Nilimaliza sekondari upande wa biolojia na kemia, chuo kikuu sikukifikia, kwa hiyo nilikuwa ninajisomea mwenyewe kwenye simu, nikiwa nyuma ya meza ya duka la Papa, katikati ya misumari na kufuli, na mteja akiuliza bawaba ninamwomba asubiri kidogo, ninamaliza ukurasa.

Ni hapo dukani ndipo nilipokutana na kitosani.

Kwa wasioijua (yaani familia yangu yote), kitosani inatoka katika maganda magumu ya kaa na ya wadudu. Unayachemsha maganda hayo kwa soda kali, ile ya watengeneza sabuni, unayaosha kwa siki, unachemsha tena kwa soda, na mwisho unabaki na vipande vyeupe unavyoweza kuvisaga. Unga wake ukiuyeyusha katika siki unakuwa uji mzito unaonata, na uji huo ukiudondosha tone kwa tone ndani ya maji yenye soda kidogo, kila tone linaganda na kuwa punje. Sasa utamu uko hapa: ndani ya punje unaweza kufungia dawa. Punje inaishika dawa, inapita nayo mdomoni bila kuiachia, inafika tumboni kwenye uchachu, na huko ndiko inaanza kulainika na kuitoa polepole, badala ya kuimwaga yote kwa mara moja. Siku niliyosoma hayo nilisimama, nikaketi, nikasimama tena, na mteja wa bawaba akaondoka zake.

Kaa wa kunitosha sikuwapata, lakini senene tunao. Msimu wake ukifika, mama wauzaji sokoni wanakaa wakiwanyonyoa miguu na mabawa na kuvitupa chini, na mimi nikaenda kuwaomba ile miguu. Mmoja wao aliniuliza kama ninataka miguu tu, bila nyama. Nikamjibu miguu tu, Mama, nyama sina haja nayo. Akanitazama kwa huruma, akanijazia mfuko, na jioni yake akamletea mama yangu bakuli zima la senene waliokaangwa, akimwambia kwa sauti ya chini kwamba maisha yanapanda na kushuka na asione haya kuomba. Mama alitaka kunifukuza nyumbani.

Nikachemsha nyuma ya nyumba. Sitawaambia harufu yake. Mara ya kwanza nilipata kitu cheusi, mara nyingine nikapata kitu kama gundi kilichoshika kijiko mpaka leo (kijiko hicho bado kimesimama wima ndani ya kopo lake, tumekizoea), na mwishowe, asubuhi moja, nikapata punje. Zilikuwa za mviringo, laini, kama macho ya samaki. Dawa ya kweli sikuthubutu kuiweka, maana mimi si daktari, nikaweka rangi nyekundu ya keki ili ionekane ikishikwa na ikiachiliwa. Nikazitia katika maji, rangi haikutoka. Nikazitia katika maji ya ndimu, zikaanza kulainika na rangi ikatoka taratibu, kama moshi mwekundu. Nilicheza peke yangu pale nyuma ya nyumba, mbele ya kuku.

Katika parokia yetu kuna mfamasia, Mama Pélagie, mwanamke mtulivu mwenye miwani ya kamba, anayesimamia labo ndogo ambako vijana wanafundishwa kutengeneza dawa. Nilikuwa ninaitamani labo ile kama watu wengine wanavyotamani ndoa. Nikamfuata baada ya misa, nikamweleza habari za punje kwa pumzi moja, naye akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema ana nafasi moja ya staji, ya kujifunza kazi pale labo, na wanaoitaka ni wengi wenye karatasi kunizidi. Lakini atakuja kuona. Tena akataka nizionyeshe mbele ya watu wa kawaida, siyo mbele yake peke yake, kwa sababu, alisema, mtu wa dawa asiyeweza kumweleza mgonjwa anachompa ni hatari. Nikifaulu, labo. Nikishindwa, misumari. Basi, mjue kwamba hicho tu ndicho nilichokuwa nikikitaka siku ile, sikutaka sifa, nilitaka ule mlango mmoja.

Padri akatoa ukumbi wa parokia kwa Jumapili saa nane mchana, na mimi nikatakiwa kuandika tangazo la kusomwa mwisho wa misa. Na hapa, rafiki zangu, ndipo nilipofanya uamuzi mdogo kabisa, mdogo kama kiambishi.

Tangazo la kwanza lilisema nimepata *kibebeo* kipya cha dawa. Lilikuwa tangazo zuri. Lakini nilimsomea Mama, na Mama, akiwa anamenya viazi, akasema kibebeo yeye anakijua, ni kile kitenge cha kufungia mtoto mgongoni, kwa hiyo nimepata kitenge kipya cha dawa? Nikaona aibu ya kuchekwa kanisani. Nikakaa na neno lile jioni nzima, nikaligeuza huku na huku, nikafuta *kibebeo* nikaweka *mubebaji*. Likanipendeza, lilikuwa na uzito, lilisimama vizuri mwanzoni mwa sentensi. Na kwa kuwa mimi ni mimi, sikuliacha peke yake. Nikapita tangazo lote kupatanisha. *Kinachukua* kikawa *anachukua*, *hakichoki* kikawa *hachoki*, *mkione* ikawa *mumuone*. Sikuacha hata herufi moja ya kitu nyuma. Ningekuwa mvivu kidogo tu ningesalimika.

Jumapili asubuhi nikampelekea Papa Déo, msomaji wetu wa matangazo, mwenye sauti inayofika mpaka ziwani. Nikamwomba asome neno kwa neno, asiongeze, asipunguze. Akasoma kimya kimya, akainua nyusi.

"Huyu mubebaji, ni mutoto wa hapa Goma?"

Nikadhani ananitania kidogo, kama wazee wanavyopenda, nami nikamjibu kwa furaha kwamba ndiyo, amezaliwa hapa hapa, nyuma ya nyumba yetu.

"Basi ni vizuri," akasema, na akakunja karatasi yake kwa heshima mpya kabisa.

Komunyo ikaisha, watu wakaketi, Papa Déo akasogelea kipaza sauti, akakigonga, akasoma hivi, na ninayakumbuka yote maana niliyaandika mara nyingi: "Wapendwa, mubebaji mupya wa dawa amepatikana hapa Goma. Anachukua dawa na kuifikisha mahali inapotakiwa, polepole, bila kuimwaga njiani. Hachoki na haombi malipo. Leo saa nane, katika ukumbi wa parokia, Masika atamuonyesha kwa wote. Kila mwenye mgonjwa anakaribishwa. Njooni mumuone."

Nikasikia mnong'ono ukipita katika viti, mnong'ono mrefu wa watu wanaofurahi, na moyo wangu ukapanda juu kama sambusa kwenye mafuta. Nikamwangalia Mama Pélagie, naye alikuwa ameinamisha kichwa. Nikadhani anasali.

Saa nane ukumbi ulijaa. Sisemi ulijaa kwa kusema tu, watu walikaa madirishani. Nilisimama nyuma ya meza yangu, na nguo yangu ya Krismasi, na glasi zangu zilizopangwa kwa mstari (nilizipanga upya kila mtu mpya alipoingia), nikawaza, jamani, kumbe watu wa Goma wana njaa ya sayansi namna hii na mimi nilikuwa ninawadharau. Niliona wengi wamekuja na vifurushi, vingine vya karatasi, vingine vya mifuko myeusi iliyofungwa mafundo, nikadhani wamepitia sokoni. Nyuma kabisa walisimama wanaume wenye kofia za pikipiki mkononi, watu wa moto, yaani wa pikipiki za abiria, wale wanaofanya njia ya Mugunga na Sake, nao nyuso zao hazikuwa za sayansi, lakini nikajiambia kila mtu anajifunza kwa uso wake. Mbele kabisa alikaa Mama Pélagie, miwani puani, mikono juu ya mkoba.

Nikaanza vizuri. Nikasema mubebaji huyu nimemtafuta kwa muda mrefu. Nikasema kazi yake ni ya uaminifu, ukimpa dawa haili, haiuzi, halewi nayo njiani, na ukumbi ukacheka kwa kukubali, mama mmoja akapiga makofi. Sikuwa nimewahi kupigiwa makofi. Kichwa kikanivimba. Nikasema tena kwamba wengine wote tuliowazoea wanamwaga dawa yote mahali pasipostahili, huyu peke yake ndiye anayefika.

Hapo mtu wa moto mmoja akainua mkono. Baadaye nilijua anaitwa Innocent na ndiye mkubwa wao pale kwenye kituo chao.

"Mademoiselle, pardon," akasema. "Huyu mutu wenu, ako na permi?"

Nikacheka. Nilidhani amejua mfano wangu na anaucheza. "Hana haja na leseni ya kuendesha, Papa. Yeye anapita ndani ya koo."

"Koo ya nani?"

"Ya mgonjwa."

Mama mmoja wa upande wa kushoto akauliza kama mubebaji ana mke. Nikajibu (Mungu anisamehe, nilikuwa na furaha mno) kwamba hana mke wala hahitaji, tunamtengeneza tu anapohitajika. Mwingine akauliza anakaa kwa nani. Nikajibu anakaa jikoni, ndani ya maji, ila akikaa sana kwenye jua anakauka. Mwingine akauliza, kwa sauti iliyoanza kutetemeka, mwisho wake ni nini akishafikisha dawa. Nikasema akishafikisha anayeyuka, na hiyo ndiyo sifa yake kubwa, haachi hata mzigo wa kumzika.

Mnaona jinsi kila jibu lilivyokuwa la kweli. Hilo ndilo linaloniumiza. Sikusema uongo hata mmoja.

"Lakini ako wapi?" akauliza Innocent.

Nikainua chupa. Ilikuwa chupa ya mayonezi, nimeisugua mpaka inang'aa, na ndani yake punje zangu nyekundu zimekaa kimya katika maji. Nikasema, "Yuko hapa."

Nikaona watu wa mbele wakiegemea nyuma wote pamoja, kama majani yakipigwa na upepo. Nami nikadhani hawaoni vizuri, nikaongeza kwamba siyo mmoja, humu ndani wako wengi.

Sasa, katika safu ya pili alikuwa amekaa Muzee Paluku, mzee mfupi mwenye koti la kahawia, sikio lake la kulia halisikii na la kushoto linasikia linachotaka. Yeye hakuegemea nyuma. Alikuwa ameshika kifurushi magotini kwa mikono miwili, akauliza kwa sauti kubwa, "Na miguu?"

"Hana miguu, Muzee," nikamjibu, nami nikipaza sauti ili anisikie. "Ila ametengenezwa kwa miguu."

Nilitaka kuendelea na kusema miguu ya senene. Neno senene lilikuwa tayari mdomoni. Lakini benchi la nyuma likaanguka kwa sababu waliokaa juu yake walisimama kwa pamoja, na mtu akaita jina la Bikira Maria, na senene wangu hawakusikika na yeyote.

Mama Thérèse ni kiongozi wa kikundi cha sala, na ndani ya mkoba wake hakukosi kamwe kichupa cha maji ya baraka. Akaja mbele akitembea taratibu, kama mtu anayeendea mbwa asiyemjua, akaniambia nisogee, mwanangu, sogea. Nikasogea. Nilikuwa nimetia punje chache ndani ya glasi, ili nianze onyesho, naye akamimina maji yake juu yake huku midomo yake ikicheza. Ukumbi ukanyoosha shingo. Na punje, ndugu zangu, zikakaa. Hazikutetemeka, hazikupauka, hazikutoa hata tone la rangi, kwa sababu hivyo ndivyo punje nzuri inavyofanya katika maji matulivu, iwe ya baraka au ya bomba, na mimi, badala ya kuona sura ya Mama Thérèse, niliona tu kwamba kitosani yangu inashika, inashika mbele ya Mama Pélagie, nikaruka kwa furaha nikasema maneno ambayo hadi leo watoto wa mtaa wananiimbia:

"Munaona? Maji haimuwezi."

Mama Thérèse akafanya ishara ya msalaba. Nikaona sasa kwamba kitu hakiko sawa, hofu ikanishika, na nikiwa na hofu mimi ninaongeza bidii, sijui kupunguza. Nikachukua ndimu. Nikawaambia msiogope, ndimu inamumaliza. Nikaikamua ndani ya glasi ya pili, nikatia punje humo, na punje zikafanya kazi yake kama malaika, zikavimba, zikalegea, na ile rangi nyekundu ikaanza kushuka kwenye glasi, uzi kwa uzi.

"Anatoka damu," akasema mtu, polepole kabisa.

Yaliyofuata siwezi kuyapanga kwa mstari. Watu wa karibu walikuwa wanataka kwenda mbali na watu wa mbali walikuwa wanataka kuja karibu, wakakutana katikati. Meza ikasukumwa, chupa ya mayonezi ikaanguka, punje zikamwagika na kubiringika sakafuni (zinabiringika vizuri, ni za mviringo, nilihangaika sana ziwe za mviringo), na wamama wakainua miguu juu ya viti. Glasi ya ndimu nayo ikamwagika, na kitosani iliyolainika kwenye ndimu inanata, hiyo ndiyo sifa ambayo tunaisifia tumboni lakini si kwenye viatu vya Jumapili. Papa Déo alikanyaga. Akainua mguu, uzi mrefu mwekundu ukamfuata, akauinua zaidi, ukarefuka zaidi, akaanza kurukaruka kwa mguu mmoja kuelekea mlangoni huku akiomba kwa ile sauti yake ya matangazo aachiliwe, yeye ni msomaji tu, hakuandika kitu.

Nikamtafuta Mama Pélagie. Alikuwa ameinama, uso ndani ya leso, mabega yakitikisika. Analia, nikajiambia. Nimemliza mfamasia. Basi, misumari mpaka nizeeke.

Kisha akasimama, akapanda jukwaani bila haraka, akachukua kipaza sauti. Uso wake ulikuwa umelowa na miwani imepanda juu ya paji. Akasubiri. Watu wakimheshimu mtu wanatulia hata wakiwa juu ya viti.

"Ni kitu," akasema. "Siyo mutu. Ni kitu."

Mama mmoja akashusha mguu mmoja kutoka kitini.

"Mutoto amekosea herufi," akaendelea. "Hii iko gundi ya miguu ya senene. Mutu anaweka dawa ndani, anameza. Njo ile tu, basi."

Sijui mnajua sauti ya ukumbi mzima ukishusha pumzi. Baada ya pumzi kikaja kicheko, na hofu ilikuwa afadhali, kwa sababu hofu ilikuwa yao na kicheko kilikuwa changu. Innocent alicheka mpaka akakaa juu ya kofia yake. Mama Thérèse alicheka akiwa bado ameshika kichupa. Mama yangu, aliyekuwa dirishani, alikuwa anapiga ukuta kwa kiganja, na nikamsikia akiwaambia jirani zake kwamba yeye alisema, alisema tangu kwenye viazi.

Ndipo nikaelewa vifurushi. Wakati wanatoka, wakinipigapiga bega na kuniita Mubebaji, mmoja mmoja waliniambia walichokuja nacho. Huyu alikuwa na dawa ya pumu ya kaka yake kule Sake. Huyu alikuwa na sharubati ya kikohozi ya wajukuu. Walisikia kanisani kwamba amepatikana mtu mwaminifu, asiyechoka, asiyetaka pesa, anayefikisha dawa bila kuimwaga, na wakaja na vifurushi vyao vimefungwa na majina juu. Walicheka, ndiyo, lakini walivirudisha mifukoni polepole, na mimi hapo nilitamani sakafu inimeze pamoja na punje zake.

Ukumbi ukabaki na watu watatu, mimi niliyekuwa nimepiga magoti nakwangua sakafu kwa kisu, Mama Pélagie, na Muzee Paluku ambaye hakuondoka kwenye kiti chake. Mama Pélagie akachukua ile glasi ya maji ya baraka, akaiinua kwenye mwanga, akaitazama kwa muda mrefu. Maji yalikuwa meupe bado. Akaniuliza niliosha punje kwa muda gani, soda niliipima vipi, na kwa nini nimechagua ndimu na si siki. Nikajibu yote nikiwa chini pale pale. Akasema kazi imefaulu, hata yeye hakutegemea ishike hivyo. Nikaanza kuinuka. Akasema, ngoja.

"Nilikuambia nini juu ya kueleza?"

Akaonyesha kwa kidevu upande wa Muzee Paluku, akaniambia nimalizie kwanza pale, kisha tutazungumza habari za labo.

Nikaenda, nikachuchumaa upande wa sikio lake la kushoto, nikamweleza yote tangu mwanzo, miguu ya senene, soda, punje, herufi yangu moja. Alisikiliza kwa makini, akitikisa kichwa. Nilipomaliza akanyoosha kifurushi.

"Ni dawa ya tension, ya presha, ya bibi yangu. Ako Kalengera. Yake imebakia kidogo."

"Muzee, nimekuambia, hakuna mubebaji."

"Miye sina shida na miguu," akasema. "Ako na miguu, hana miguu, aende tu."

Nilimwangalia Mama Pélagie nikitaka anisaidie, naye akawa anafuta miwani yake. Alisema tu, bila kuniangalia, kwamba kanisani ilitangazwa dawa itafika, na jina lililosomwa si la Muzee.

Kesho yake asubuhi nilikuwa nyuma ya pikipiki ya Innocent, kwenye njia ya Rutshuru, na kifurushi nimekifunga tumboni kwa kitenge cha Mama (kibebeo hasa, alisema Mama akinikazia fundo, sasa umekiona?). Innocent aliniuliza njia nzima kama sijachoka, kama sijayeyuka, kama sihitaji ndimu. Nilikuwa na vumbi masikioni na woga wa kudondosha kifurushi, nilikigusa kila kilima, na bado, sijui niwaelezeje, nilikuwa ninacheka ndani ya kofia.

Kalengera tukaulizia, tukaonyeshwa. Kumbe Muzee Paluku alikuwa amekwisha kupiga simu tangu jana yake, na simu yenyewe aliipiga kabla ya mimi kumweleza, akiwa bado pale kitini ukumbi ukigeuka juu chini. Aliwaambia anakuja mubebaji wa dawa, hana miguu, anatoka ndani ya chupa, wasiogope. Na hakupiga tena kusahihisha. Kwa hiyo uani pale kulikuwa na mke wake, bibi mnene mwenye kilemba cha manjano, na nyuma yake majirani wake wote, wamekaa juu ya mikeka, wamevaa vizuri, wananisubiri. Nikashuka kwenye pikipiki. Hakuna aliyenitazama usoni. Wote, bibi na majirani, waliangalia chini, kwenye viatu vyangu, kwa muda mrefu.

"Ako na miguu," akasema jirani mmoja, kwa sauti ya mtu aliyeahidiwa nyama akapewa majani ya sombe.

Bibi alifungua kifurushi, akahesabu vidonge vyake kwa midomo, akavirudisha, akanishika mkono kwa mikono yake miwili na hakuuachia mpaka nikaona aibu ya namna nyingine. Akaniuliza kama kweli ni mimi mubebaji. Nikasema ndiyo, Mama, ni mimi. Kisha nikampigia Mama Pélagie kumwambia imefika. Akauliza kama yote imefika, hakuna iliyomwagika njiani. Nikasema yote. Akasema basi niende labo Jumatatu ijayo, nivae viatu vilivyofunikwa, na matangazo ya labo yataandikwa na mwingine.

Sasa nina koti jeupe na meza yangu karibu na dirisha, na ninapanga vichupa kwa mstari bila mtu kunicheka sana. Lakini mtaani mimi ni Mubebaji mpaka nitakapozikwa. Nimejiapiza, na ninyi mlio rafiki zangu mnishikilie hapo: nitakachokitengeneza chote kwa mikono hii, hata kiwe kizuri namna gani, hata kinibembeleze namna gani, kitabaki kitu, na kitasemwa kwa lugha ya vitu, na nikisikia mkono wangu unaanza kukipa roho nitaufungia kalamu kabatini na kwenda kumsaidia Mama kumenya viazi.